Siku tano Warszawa, na kikombe cha bibi

Jumanne, 29 Julai

Nimetua Warszawa mchana, baada ya kubadili ndege Doha na kukesha usiku kucha mkoba ukiwa mapajani. Mdogo wangu wa kike alikuwa akinisubiri mlangoni. Miaka miwili hatujaonana. Ameniamkia, "Shikamoo kaka," kisha tukakumbatiana pale pale njiani mpaka wenye mizigo wakawa wanatuzunguka.

Amemaliza shahada yake ya pili mwezi huu, na hiyo ndiyo sababu ya safari. Ipo na sababu nyingine, na nisipoieleza mtu hataelewa kwa nini fundi mwashi wa Tengeru avunje akiba yake kwenda kuangalia kuta za Ulaya.

Kwetu Tengeru, nje kidogo ya mji wa Arusha, yapo makaburi ya Wapoland. Yamo ndani ya eneo la chuo cha mifugo, zaidi ya makaburi 140, yenye misalaba na majina ambayo tulipokuwa watoto tulishindwa kuyatamka. Mwaka 1942 Waingereza walianza kuleta pale wakimbizi kutoka Poland, na kambi ilipojaa walifika kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto. Wenzao waliwekwa Masindi na Koja, kule Uganda. Wa Tengeru walijengewa nyumba za duara zilizoezekwa kwa majani, wakawa na shule yao, kanisa lao na mashamba yao. Bibi yangu mzaa mama alikuwa binti mdogo akipeleka maziwa kambini asubuhi. Sasa amepita miaka tisini, na siku akiamka vizuri ukimsalimia anakujibu "jen dobri". Ukimpa chai anasema "jenkuye". Ndiyo Kipoland chote alichobaki nacho.

Kambi ilipofungwa, mama mmoja aliyekuwa akinunua maziwa kwake alimwachia kikombe cha bati, cheupe chenye ukingo wa bluu. Kimekaa kwenye kabati la vyombo tangu Tanganyika haijapata uhuru. Hakuna anayekinywea. Wiki iliyopita bibi alikitoa, akakifuta kwa kanga yake, akaniambia: "Ukifika kwao, angalia kama nyumba zao zilijengwa. Yule mama alisema kwao kumeungua kote. Na ukimpata mtu wake, mrudishie." Jina la huyo mama halikumbuki. Basi kikombe kimo kwenye mkoba, kimeviringishwa ndani ya fulana mbili, na ndiyo sababu sikuutoa mkoba mapajani.

Jioni mdogo wangu amenipeleka Uwanja wa Kasri, karibu na mto Wisła. Mbele yangu nyumba nyembamba ndefu, za njano, za waridi, za kijani kilichofifia, na paa za vigae vyekundu zimepangana. Nikasema, "Huu mji wa kale umetunzwa kweli." Akanishika mkono.

"Kaka, hapa unapoangalia hakuna nyumba inayomzidi bibi umri."

Jumatano, 30 Julai

Leo nimetembea na miwani ya kazi. Tumeanza kwenye nguzo ya Mfalme Zygmunt wa Tatu, iliyosimamishwa mwaka 1644. Mfalme kasimama juu na msalaba na upanga. Mwanzoni mwa Septemba 1944 nguzo iliangushwa, sanamu ikaanguka nayo, na mwaka 1949 ikasimamishwa tena juu ya mhimili mpya wa itale. Mihimili ya zamani hawakuitupa. Imelazwa kwenye majani pembeni ya kasri, ule wa marumaru wa kwanza na ule wa itale uliofuata, unaupita kwa mguu na unaweza kuushika. Nimeushika. Mtu wa ujenzi anaelewa uzito wa jiwe kama lile, na nguvu inayotakiwa kulivunja.

Niseme kwa kifupi kilichotokea, maana bila hicho kuta hizi hazisomeki. Wajerumani waliivamia Poland tarehe 1 Septemba 1939, na mwisho wa mwezi ule Warszawa ilisalimu amri. Tarehe 1 Agosti 1944 wapiganaji wa siri wa jeshi la nyumbani waliinuka wauteke mji wao wenyewe. Walipigana siku 63. Raia waliokufa wanahesabiwa kuwa kati ya 150,000 na 200,000. Walipoishiwa nguvu mwanzoni mwa Oktoba, watu wote waliobaki walifukuzwa mjini. Hapo ndipo jambo lilipofika mahali ambapo kichwa changu kinakataa. Mapigano yalikuwa yamekwisha, mitaa mitupu, na Hitler akaamuru mji ufutwe. Vikosi maalumu vilipita nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa, vikichoma kwanza, kisha vikitega na kulipua baruti kwenye majengo yenye maana: makumbusho, makanisa, maktaba, majumba ya wafalme. Waliendelea hivyo kwa miezi zaidi ya mitatu. Jeshi la Kisovieti na Wapoland waliokuwa nalo walipoingia tarehe 17 Januari 1945, sehemu kama 85 kati ya 100 za mji zilikuwa zimebomoka. Hapa palikuwa na watu wapatao milioni 1.3 kabla ya vita.

Mjadala ukawa: tujenge au tuache? Kulikuwa na wazo zito la kuhamishia mji mkuu Łódź, ambako majengo yalikuwa bado yamesimama, na magofu ya Warszawa yaachwe kama ukumbusho. Lakini watu walianza kurudi kabla ya uamuzi wa mtu yeyote, katikati ya baridi, wakichimba mashimo kwenye vifusi na kulala humo na watoto. Februari 1945 ikaundwa Ofisi ya Kujenga Upya Mji Mkuu, na upande wa majengo ya historia akapewa msanifu Jan Zachwatowicz.

Swali la fundi ni moja: bila ramani, utajuaje dirisha lilikaa wapi? Jibu ni kwamba kabla ya vita wanafunzi wa Politechnika, chuo kikuu cha ufundi cha hapa, walikuwa wamepewa kazi ya kupima na kuchora majengo ya kale. Uzoefu wa darasani tu. Vita ilipokuja, Zachwatowicz na wenzake waliendelea kuchora kwa siri, na michoro ikatolewa nje ya mji, ikafichwa kwenye mji wa Piotrków. Mimi nina vijana ninaowafundisha kazi, na kila siku wananiuliza kwa nini nawalazimisha kupima ukuta ambao umeshasimama. Nikirudi nitawaeleza habari hii.

Tena walikuwa na picha za rangi. Ndani ya Kasri la Kifalme kuna chumba cha michoro ya Bernardo Bellotto, Mtaliano aliyekuwa mchoraji wa mfalme wa mwisho wa Poland, Stanisław August, miaka ya 1770. Alichora mitaa ya Warszawa kwa chombo cha lenzi kinachoangusha taswira kwenye karatasi, kwa hiyo unahesabu madirisha na nguzo za barazani, hata mbwa waliolala kivulini. Nimesimama mbele ya picha ya mtaa niliotoka kuupita dakika kumi nyuma. Wataalamu wanaonya kwamba Bellotto alikuwa anapendezesha hapa na pale, na waliojenga walijua hilo, wakawa wanamlinganisha na michoro ya vipimo na picha za kamera.

Kasri lenyewe nimelikagua kama mkaguzi. Liliungua kwa mizinga tarehe 17 Septemba 1939, na mtunzaji wake, Kazimierz Brokl, alikufa siku hiyo. Katika vita vyote watu wa makumbusho, wakiongozwa na Stanisław Lorentz, waliingia kutoa walichoweza: vipande vya miimo ya milango, nakshi za kutani, mbao za sakafu, milango mizima. Wajerumani walikuwa wametoboa matundu ya baruti kwenye kuta mapema, wakaja kuilipua 1944. Kiwanja kilikaa wazi miaka mingi. Kazi ilianza 1971 kwa michango ya watu, walioko nchini na walioko ughaibuni, na milango ikafunguliwa kwa wageni 1984. Vile vipande vilivyookolewa vimerudishwa mahali pake. Ukikaribia unaviona: jiwe la zamani lenye weusi na nyufa, na pembeni yake jiwe jipya lililochongwa kulifuata. Hawakujaribu kuficha maungio. Hilo limenigusa kuliko dhahabu yote ya ukumbi wa mfalme. Saa ya mnara iligoma kwenye saa tano na robo siku ile ya moto, na mwaka 1974 ilipowashwa tena walisubiri mpaka saa tano na robo ndipo ikaanza kutembea.

Mchana, Uwanja wa Soko. Katikati amesimama Syrenka, nguva mwenye upanga na ngao, alama ya mji. Pande zote nne zilikamilishwa na kufunguliwa 22 Julai 1953, na mwaka 1980 UNESCO iliuingiza Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia, ikijua wazi kwamba karibu wote ni wa juzi. Kilichotambuliwa ni ile kazi ya kuurudisha.

Lakini si kweli kwamba walirudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Nyuma ya nyuso hizi za nyumba mna fleti za miaka ya 1950. Vibanda na majengo ya uani yaliyokuwa yamebanana zamani hayakujengwa, ua zikaachwa wazi zipate jua. Kanisa kuu la Mtakatifu Yohana lilikuwa limevalishwa uso wa mtindo mwingine karne ya 19, wakaamua kulirudisha kwenye umbo la matofali la zamani zaidi. Kwa maneno mengine, walichagua ni jana ipi waijenge. Na juu ya mji wote kulikuwa na sheria ya Oktoba 1945 iliyochukua ardhi yote ya Warszawa kuwa ya umma. Iliharakisha ujenzi, ikaacha na watu wengi waliopoteza viwanja vya wazazi wao, na kesi zake hazijaisha.

Nimemalizia Barbakan, ngome ya mduara mbele ya ukuta wa mji, iliyoinuliwa upya 1952 hadi 1954. Hapa nilikaa nusu saa nzima uso kwa uso na matofali. Ni ya kuchoma, hayalingani: moja jekundu lililoiva sana hadi linang'aa, la pili rangi ya parachichi bovu, la tatu limelika pembe. Niliuliza yametoka wapi. Sehemu kubwa yalitoka Nysa na Wrocław, miji iliyokuwa ya Ujerumani na ambayo Poland ilipewa baada ya vita, kwenye majengo ya kale yaliyobomolewa huko. Warszawa ilikula matofali mengi sana, na watu wa Wrocław hadi leo wanalikumbuka kwa uchungu.

Nikapitisha kidole kwenye kiungo. Wazee wa nchi hii walijengea chokaa, na ndiyo iliyowaokoa. Tofali lililoshikwa na chokaa ukiligonga kwa nyundo ndogo linaachia safi, unalitumia tena. Lililoshikwa na saruji halitoki, linavunjika nalo. Kwa hiyo zipo picha za akina mama, wanafunzi na wanajeshi wamejipanga mstari juu ya kifusi wakipokezana tofali mkono kwa mkono, mwingine kakaa chini anakwangua. Najua mkono unavyochanika kwa kazi ile. Ukiifanya siku tatu bila glavu vidole havifungi kishikizo cha shati.

Alhamisi, 31 Julai

Mdogo wangu alikuwa na shughuli chuoni, nikaenda mtaa wa Muranów peke yangu na nikapotea. Simu iliisha chaji, na mitaa yote inafanana: majengo ya ghorofa tatu, nne, miti mirefu, watoto wanaendesha baiskeli. Jambo moja likaanza kunishangaza. Kila nikitaka kuingia uani napanda ngazi. Barabara iko chini, nyumba ziko juu ya tuta, na tuta lina majani mazuri kama bustani. Hakuna mtu anayejenga hivyo kwa hiari kwenye kiwanja tambarare.

Nilipowaza kwa nini, miguu iliniishia nguvu, maana nilikuwa nimesoma lakini sikujua kwamba nimeshafika.

Hapa palikuwa gheto. Novemba 1940 Wajerumani waliwafungia Wayahudi wa Warszawa ndani ya ukuta, watu zaidi ya 400,000. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa na homa. Kuanzia 22 Julai 1942 treni zilianza kuwabeba kwenda kuuawa kwenye kambi ya Treblinka, na kwa muda wa wiki chache walipelekwa zaidi ya 250,000. Tarehe 19 Aprili 1943 vijana waliobaki waliinuka na bastola chache na chupa za petroli, wakapigana karibu mwezi mzima. Gheto likachomwa nyumba kwa nyumba, na 16 Mei Sinagogi Kuu ikalipuliwa kutangaza kuwa kazi imekwisha.

Vita vilipokwisha hapa karibu hapakuwa na ukuta uliosimama. Kilikuwa kifusi cha mita kadhaa, na chini yake watu. Hakukuwa na mashine wala malori ya kutosha kukihamisha. Msanifu Bohdan Lachert akaamua mtaa mpya ujengwe juu yake. Kifusi kikasawazishwa kuwa matuta, kingine kikasagwa, kikachanganywa na saruji na kufyatuliwa matofali. Alitaka kuta zibaki bila lipu, wekundu wa kifusi uonekane, mtaa mzima uwe kumbukumbu ya waliokufa. Lakini waliohamia walikuwa watu waliochoka na vita, wakalalamika kwamba nyumba zinatia huzuni, na baada ya muda mfupi kuta zikapigwa lipu na kupakwa rangi.

Nimelifikiria hili kutwa nzima. Mimi ndiye ninayepiga lipu. Ndiyo kazi inayonilisha. Mteja akitaka ukuta wa kung'aa nitampa. Siwezi kuwalaumu wale waliotaka mtoto wao alale kwenye chumba cheupe. Lakini kuna mahali lipu ilikuwa imebanduka, pembeni ya mlango wa chini, kama kiganja hivi, na ndani yake zege la wekundu mchafu, na vipande vya tofali, na chembe moja ya kitu cheupe kilichong'aa kama sahani. Sikukigusa.

Mzee mmoja mwenye mbwa alinielekeza kwa mkono hadi kwenye mnara wa Mashujaa wa Gheto, kazi ya Nathan Rapoport, uliozinduliwa 1948 magofu yakiwa bado yameuzunguka. Mawe yake yaliagizwa na Wajerumani kwa ajili ya minara ya ushindi wao. Mbele ya mnara huu Waziri Mkuu wa Ujerumani Magharibi, Willy Brandt, alipiga magoti tarehe 7 Desemba 1970, bila kutangaza, sakafu ikiwa imelowa. Ng'ambo yake ni makumbusho ya POLIN, ya miaka elfu ya Wayahudi wa Poland. Saa tatu hazikunitosha. Nimetoka na habari ya Emanuel Ringelblum, mwanahistoria aliyekusanya kikundi ndani ya gheto wakaandika kila kitu: bei ya mkate, barua, mitihani ya watoto, tangazo la kuhamishwa. Wakavifukia ndani ya masanduku ya bati na madumu ya maziwa. Sehemu ilichimbuliwa 1946, nyingine 1950. Niliposikia madumu ya maziwa nilimkumbuka bibi na kibuyu chake njiani kuelekea kambini, miaka ile ile.

Sikwenda kulala. Mwanafunzi mmoja pale mapokezi, nilipomwonyesha kikombe na kumweleza Tengeru, alitulia kidogo kisha akasema, "Basi unatakiwa uende Mtaa wa Muranowska, hapa karibu."

Katikati ya barabara, tramu zikipita kando, kuna behewa la treni la shaba, wazi lisilo na kuta, limesongamana misalaba imeinamiana kama watu waliobanwa, na katikati yake alama za Wayahudi na za Waislamu. Chini yake ni reli, na kila mtaruma wa reli umeandikwa jina la mahali. Ni ukumbusho wa walioanguka na kuuawa mashariki, uliozinduliwa 17 Septemba 1995, siku ambayo mwaka 1939 Wasovieti nao waliivamia Poland kutokea upande wa pili.

Pale ndipo nilipoelewa tulichokuwa hatukijui nyumbani. Watu wa Tengeru, wengi wao, hawakuwa wa Warszawa. Walikuwa wa mikoa ya mashariki. Kuanzia Februari 1940 Wasovieti waliwatoa vitandani usiku, wakawapakia kwenye mabehewa na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Baada ya mkataba wa Poland na Wasovieti wa 30 Julai 1941 waliachiwa, wakashuka na jeshi la Kipoland la Jenerali Anders mpaka Uajemi, wengine wakapitia India, na waliosalimika wakavuka bahari hadi pwani yetu. Vita vilipoisha mikoa yao ikabaki Umoja wa Kisovieti. Hakukuwa na pa kurudi. Walitoka Tengeru wakaenda Uingereza, Australia, Kanada. Na wale 140 na zaidi wakabaki kwetu, chini ya migunga na mibuni.

Nilitoa kikombe, nikakiweka juu ya ukingo wa jiwe, nikakaa kando yake. Tramu mbili, tatu zimepita. Kisha nikakirudisha kwenye fulana.

Ijumaa, 1 Agosti

Asubuhi tumekula kwenye mkahawa wa maziwa, wanauita bar mleczny, vijumba vya chakula cha bei ya chini vilivyobaki tangu enzi za ujamaa. Nimekula pierogi za viazi na jibini, na supu ya żurek yenye ukakasi kama togwa iliyolala. Wazee, wanafunzi na mafundi wenye maovaroli meza moja. Mama wa dirishani alinikabidhi sahani, nikasema "jenkuye" kama bibi alivyonifundisha. Akacheka, akaniongezea pierogi mbili.

Habari ya leo ni ya saa kumi na moja jioni. Ndiyo saa uasi wa 1944 ulipoanza. Mdogo wangu alinivuta mapema tukasimame kwenye mzunguko wa Dmowski, katikati ya mji. Hapo karibu lipo lile jumba refu la mita 237 ambalo Stalin aliwapa baada ya vita. Watu walikuwa wengi, vijana hasa, wamevaa vitambaa vyeupe na vyekundu mkononi. Kulikuwa na kelele za kawaida za mji.

Kisha ving'ora vikalia mji mzima. Mabasi yakasimama. Tramu zikasimama na milango wazi. Dereva wa teksi akashuka, akavua kofia, akasimama kando ya mlango wake. Mwanamke aliyekuwa anavuka barabara na mfuko wa nyanya alisimama palepale kwenye alama nyeupe. Vijana wakawasha mienge, moshi mwekundu ukapanda. Dakika nzima hakuna aliyesogea. Mimi nimezika watu, nimesimama kwenye misiba mikubwa, lakini sijawahi kuona mji wa watu zaidi ya milioni ukikaa matanga kwa pamoja.

Si kila mmoja hapa anaukubali uasi ule. Mdogo wangu anasema darasani walibishana hadi kutukanana: viongozi walifanya sawa kuwaingiza raia kwenye moto ambao jeshi la Kisovieti, likiwa ng'ambo ya mto, halikuja kuuzima? Lakini dakika ya saa kumi na moja wanasimama wote. Nilimwona karibu yangu mzee sana kwenye kiti cha magurudumu, na kitambaa mkononi. Mjukuu wake alikuwa ameinama amemshika bega. King'ora kilipokata, msichana asiyemjua alikuja akampa ua jekundu, akaondoka bila neno.

Jumamosi, 2 Agosti

Siku ya mwisho. Nilimwomba mdogo wangu anipeleke kilimani, na akashangaa, kwa sababu Warszawa haina vilima. Ninacho kimoja, nikamwambia.

Upande wa kusini, karibu na Wisła, kiko Kopiec Powstania, Kilima cha Uasi. Kuanzia 1946 malori na mikokoteni yalileta hapa kifusi kisichofaa kujengea, kikarundikwa hadi kikawa kilima cha mita kama 35, na miti ikaota yenyewe. Miaka ya karibuni wametengeneza njia za kukipitia, na mahali pamoja njia imekatwa ndani ya kilima chenyewe, kifusi kiko wazi kushoto na kulia. Pale sikuweza kupita haraka. Tofali zima lenye chokaa yake. Kona ya ngazi. Kigae cha jiko, cha kijani, kimeng'aa kama kimeoshwa jana. Chuma cha kitanda. Kila kipande kilikuwa nyumba ya mtu, fundi fulani alikipima kwa timazi, mama fulani alikifagia.

Juu kabisa kuna alama ya Poland inayopigana, herufi P iliyochomoza kutoka kwenye nanga, na mbele yake moto uliowashwa jana usiku. Utawaka siku 63.

Nilimpigia bibi kutoka pale pale. Mjomba alimshikia simu aone.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba baba. Umefika kwao? Zimejengwa?"

"Zimejengwa, bibi. Nimezigusa. Mji mzima wameuinua."

Nikamgeuzia simu aone paa kwa mbali. Akafurahi, akasema jen dobri, jen dobri, kama anawasalimia watu wa mle ndani. Kisha akauliza, "Na ya yule mama?"

Nikamweleza polepole. Kwamba kwao ni mashariki zaidi, kwamba walichukuliwa na treni, kwamba leo kule ni nchi nyingine, na wengi walikwenda Uingereza na Australia, na kikombe nimekizungusha siku tano sijapata wa kumpa. Mdogo wangu akadakia kwamba yapo makumbusho, wangekipokea kwa heshima. Bibi alikaa kimya muda mrefu hadi nikadhani mtandao umekatika.

"Hapana," akasema. "Kirudishe. Wajukuu zao huwa wanakuja huku makaburini, nawaona na maua. Siku mmoja akimuulizia yule mama aliyenunua maziwa, atakikuta kabatini."